Kopo la Mafuta ya Nguruwe

Miaka ya hamsini niliajiriwa Tanga kwa sababu ya dini yangu, si kwa cheti cha shule ya jioni nilichokitembeza mji mzima mpaka kikalainika kama leso. Karakana ilikuwa Pongwe, nje ya mji, na ilitengeneza bunduki za wenye mashamba ya mkonge. Chumvi ya pwani iliila mitutu yao, nasi tukaichonga upya mifereji ya ndani, ile inayoizungusha risasi isiende ovyo.

Mashine ilikuwa ndefu kama treni ya Moshi. Ilivuta fimbo yenye kisu kidogo kama ukucha wa paka, ikipita ndani ya mtutu huku ikijizungusha taratibu, na kutoa unyuzi wa chuma mwembamba hata nzi asingeweza kuukalia. Fimbo ikirudi, unageuza mtutu robo, unachonga mfereji wa pili. Mara mia, wenzangu watasema. Mimi nasema mara laki! Na kila safari kisu kipakwe mafuta, la sivyo kinararua chuma. Mzungu mwenye karakana hakutaka mafuta mengine ila ya nguruwe. Fundi wetu, mzee wa Kiislamu, na wenzake wawili hawakuyagusa. Ndipo akatafutwa Mlutheri kutoka Maramba, ndiye mimi.

Saa sita wao walizunguka sinia la wali. Mimi nilikula muhogo nyuma ya karakana, nikiongea na kunguru. Niliwajua wote, na koo zao. Miezi minane hakuna aliyenipa mkono. Mwisho, siku moja sinia likiandaliwa, nikamwendea mzee.

"Shikamoo, mzee. Jumamosi naondoka."

"Marahaba. Una nini, mwanangu? Kazi waiweza."

"Nimechoka kula na kunguru."

Akaniangalia kama mtutu uliopinda. "Nani kakufukuza? Sisi twakungoja unawe! Mara saba, moja kwa udongo, ndiyo sheria ya nguruwe, mkono umetahirika. Twasema, huyu Mlutheri ana kiburi, hataki wali wetu."

Miezi minane! Nikakimbilia bomba. Nilisugua mpaka kiwiko, udongo wa nusu ya Pongwe ukaishia mikononi mwangu. Nilipomaliza ya saba, wale wawili walikuwa wamekwisha kula na kwenda kuswali. Sinia lilikuwa jeupe, pana kama uwanja. Mzee alikuwa amebaki peke yake, kiganja amekifunika juu ya matonge matatu na kichwa cha samaki, changu.

"Kaa," akasema, akisogea. "Kesho anza kunawa saa tano."