Kijito Changu Ndani ya Sanduku la Kioo

Nikisema niliwahi kuinusisha hoteli nzima ya Diani mafuta ya papa, mbele ya walimu wakuu wa wilaya na mbele ya mama yangu mzazi aliyevaa kanga mpya kwa ajili ya siku hiyo, watu hucheka, nami huwaacha wacheke, kwa sababu hilo ndilo jepesi la kusimulia. Aibu yenyewe iko mbele kidogo. Nitaifikia, msinikimbize.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kwisha. Mimi ni mzaliwa wa Mackinnon Road, mahali ambapo mtoto hukua akisikia malori usiku na mitungi mitupu ikigongana alfajiri, wanawake wakienda kutafuta maji, na tangu nimalize kidato cha nne nilikuwa sijakaa mahali mwaka mzima. Nilikuwa utingo, nikapakia mizigo Lunga Lunga, nikauza viatu vya mitumba Ukunda, mpaka nikapata kibarua cha bustani katika hoteli ndogo ambayo jina lake nitalificha, maana haikunikosea kitu. Msimamizi wetu aliitwa Bi Salma, mama wa makamo, mwenyeji wa Msambweni, ambaye hata akikukanya utadhani anakukaribisha chai.

Wageni walikuwa wamepungua sana. Sasa likaja kundi la walimu wakuu, mkutano wa siku tatu, kundi kubwa la kwanza baada ya miezi mingi. Bi Salma akaniita mapokezi, tukasimama mbele ya sanduku la kioo ambalo zamani lilikuwa la samaki. Samaki walikufa, naye akaligeuza bustani ndogo: udongo, kangaga, ile mimea ya kivulini yenye majani kama manyoya, na zulia la vijani laini lililobanduliwa kwenye ukuta wenye unyevu nyuma ya jikoni. Juu lilikuwa na kifuniko na taa.

"Limependeza, lakini limenyamaza," alisema. "Ningependa kijito humu ndani, mgeni akiingia kutoka juani aone maji yanashuka, moyo wake upoe. Walimu hawa wakiridhika watarudi kila muhula, nami nitakuwa na la kumwambia mwenye hoteli nikimwomba akuandikie barua ya ajira ya kudumu. Utaweza, Mutua mwanangu?"

Nikasema, "Naweza."

(Sikuwa nimewahi kutengeneza hata birika la kunyweshea kuku.)

Si hivyo tu, jioni ile ile nikamwandikia mama barua. Mama yangu alikuwa amechoka kuulizwa na majirani kijana wake yuko wapi, na kila mara alipopata jibu mimi nilikuwa nimeshahama. Nikamwandikia kwamba safari hii nimetulia, ninatengeneza mito hotelini, aje Ijumaa ajionee. Mito! Nilitumia wingi.

Kazi ilianza vizuri. Nikapanga mawe ya matumbawe ngazi kwa ngazi, nikayashika kwa saruji, nikasugua vijani kwenye nyufa ili yaonekane ya zamani. Chini nikakata kipande cha kioo kutenga pembe moja iwe kidimbwi. Pampu ndogo ya wale samaki marehemu bado ilikuwa nzima, nikaificha kidimbwini na kupitisha mpira nyuma ya mawe. Nikachomeka umeme, maji yakapanda, yakamwagika juu, yakashuka ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mimi, mtu mzima, nikapiga makofi peke yangu. Baada ya nusu saa kidimbwi kilikuwa kikavu na kangaga zimesimama kwenye matope. Maji yalikuwa yanapenya pale kioo kilipokutana na kioo.

Gundi ya vioo ilikuwa ikiuzwa Mombasa, ng'ambo ya feri. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Hapa ndipo ningemwendea Bi Salma nikamwambia, "Mama, gundi sina, nipe ruhusa ya siku moja," na mkasa ungeishia hapo. Lakini nilikuwa nimeshasema naweza, na kwangu mimi wakati ule kusema sina baada ya naweza kulikuwa sawa na kuvuliwa nguo. Nikaenda Msambweni kwa rafiki yangu Athumani, fundi wa kukalafati mashua, yaani kuziba nyufa za mbao kwa pamba na mafuta ya papa ili maji ya bahari yasiingie.

Athumani aliponisikia aliweka nyundo chini.

"Wewe mbara una wazimu. Haya ni mafuta ya chombo cha baharini. Huko kuna upepo."

"Harufu nitaitoa kwa sabuni."

"Kwa sabuni!" Akacheka mpaka akakohoa. "Haya, chukua. Maji hayatapita hata tone, hilo nakuhakikishia. Hayo mengine utajibu mwenyewe."

Nililihamisha sanduku na kuifanyia kazi ile kwenye banda la bustani, upande unaopigwa na upepo, kutwa nzima nikishindilia pamba iliyolowa mafuta kwa ncha ya kisu, na kufikia jioni pua yangu ilikuwa imeshaacha kazi. Nikaosha, nikanusa, sikusikia kitu. Nikaosha tena kwa heshima tu. Maji yakakaa. Ijumaa asubuhi tukalibeba sanduku hadi mapokezi, nikawasha pampu, nikawasha taa, nikafunga kifuniko, nikaweka asumini pembeni, na Bi Salma (aliyekuwa na mafua, Mungu amrehemu pua yake) akashika shavu akasema, "Mashallah, Mutua."

Sikufikiri kwamba taa juu, kifuniko juu ya taa, na mafuta ndani, hicho ni chungu kilichotelekwa.

Mama alifika saa nne. Nikamketisha kwenye kiti cha kona. Walimu wakaingia kama arobaini hivi, na Bi Salma, kwa kutaka wageni wake waone maji na kuyasikia, akakifungua kifuniko kwa mikono yake.

Sitaieleza harufu ile. Nitawaeleza watu. Watu wa pwani wana adabu ya kutisha. Hakuna aliyeziba pua. Walisalimiana, shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, za watoto, za Kwale, huku macho yakiwatoka machozi. Mwalimu mmoja aliinua kiatu chake taratibu akaangalia soli. Jirani yake akamwona, naye akaangalia yake. Wawili wakasogea mbali na mwenzao mmoja mnene, ambaye maskini alianza kujieleza kwamba ametoka Vanga alfajiri na njiani kulikuwa na joto. Bi Salma akaona nyuso zile lakini hakujua sababu, akadhani ukarimu umepungua, akaagiza chetezo. Ukaja moshi wa udi. Ukachanganyika. Sasa ilikuwa kana kwamba papa mwenyewe anaolewa.

Hapo ndipo paka wa jikoni, watatu, walipoingia wamenyanyua mikia, wakapita kati ya miguu ya walimu wakuu moja kwa moja mpaka kwenye kijito changu, na mmoja akarukia juu akaanza kulamba ngazi ya tatu.

Bado hakuna aliyesema neno! Aliyesema ni mama yangu, mwanamke wa Mackinnon Road, kutoka kwenye kona yake, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya reli:

"Mutua! Ni nini kimekufa ndani ya huo mto wako?"

Yule mwalimu wa Vanga akapumua kama mtu aliyeachiwa huru mahakamani. "Ni mafuta ya papa!" akasema. "Wallahi nayajua, baba yangu alikuwa na mashua. Mimi simo!"

Wakacheka, wote kwa pamoja, wengine wakakimbilia nje ili wacheke vizuri. Mimi nikachomoa waya, nikakumbatia sanduku lile zito na kulitoa nje kwa mlango wa mbele (wa nyuma nilikuwa nimeusahau), mafuta yakichuruzika kifuani, paka watatu nyuma yangu kama watoto wa arusi.

Kule bandani mama alikuja akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakunigombeza. Akasema, "Washa nione." Nikachomeka. Maji yakapanda, yakashuka ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliyatazama kwa muda mrefu, mtu aliyebeba maji kichwani miaka thelathini.

"Yakifika hapo chini yanaenda wapi?"

"Yanarudi juu, mama."

"Halafu?"

"Yanashuka tena."

"Kutwa?"

"Kutwa."

Akatikisa kichwa kidogo. "Yamehangaika sana kwa kutofika," alisema, na hakunitazama. Kisha akaanza kuyachota kwa kikombe na kuyamwagia mmoja baada ya mwingine michungwa iliyokuwa nyuma ya banda, kwa sababu maji ni maji, hata yakinuka hayamwagwi ovyo.

Bi Salma alitukuta hapo. Akamsalimu mama kwanza, kwa kirefu, ndipo akanigeukia. "Ungeniambia huna gundi ningekupa siku. Ningekupa mbili. Mimi niliomba kijito, Mutua, sikuomba muujiza." Akavuta kamasi. "Jumatatu uvuke Mombasa ukanunue. Walimu wamecheka, na aliyecheka hajakasirika."

Aibu yenyewe ndiyo hii. Jumatatu sikuonekana. Nilikuwa nimepanda basi na mama Jumamosi, nikamwambia nimepewa likizo, na kabla ya mwezi kwisha nilikuwa mbali hata na Mackinnon Road, nikipakia mizigo mahali ambapo hakuna aliyewahi kusikia jina langu. Mama hakuniuliza kuhusu likizo ile. Mpaka leo hajaniuliza.

Miaka mingi baadaye nilipita Diani nikaingia mapokezi kama mgeni, nikaagiza soda. Sanduku lilikuwa pale pale. Kangaga zilikuwa zimejaa mpaka kwenye kifuniko, mawe yangu yamekuwa ya kijani kweli, na maji yalikuwa yakishuka. Nikainama kwenye ile pembe. Pamba ya Athumani ilikuwa imeondolewa, na badala yake kulikuwa na mstari mweupe, safi, wa gundi ya vioo, kazi ya mtu aliyeomba siku moja akapewa. Kijana wa mapokezi akaniuliza kama nimelipenda. Nikasema nimelipenda. Akaniambia lilitengenezwa na fundi wao wa bustani, yuko hapa miaka mingi, ana barua ya kudumu, je, amwite?

Nikasema asimsumbue.

Tangu siku ile nimejifunza kusema sina. Bado ninahama, sitadanganya, ila nimeapa kwamba mahali nitakapochafua sitaondoka mpaka nipasugue kwa mikono yangu, hata kama paka wote wa pwani watakuwa wamesimama wakinitazama.