Nusura na Fundo la Mama Mkwe

Ofisini walimwita Nusura, maana kila Jumatatu alikuwa na samaki wa kusimulia na hakuwa na samaki wa kuonyesha. "Nusura nimtoe, jamani! Akakata mshipi!" Alikuwa karani wa masjala, mtu wa mafaili na mihuri, lakini Jumamosi ikifika aligeuka mvuvi wa bwawani, na bwawa hilo, kwa maelezo yake, lilijaa majitu.

Kila jitu lilipokata mshipi, alinunua mnene zaidi. Alianza na mwembamba kama unywele. Mwaka wa pili ukiingia alikuwa na kitu ambacho mkewe alikiomba aanikie mablanketi. Kwenye ncha alifunga kipete cha kuzunguka, kisha waya, kisha klipu kubwa ya chuma, ndipo kifuate chambo chenyewe: kisamaki cha plastiki kisichozidi kidole, kimebebeshwa vyuma kama mpagazi. Kikitupwa kilizama tubwi, kikavutwa kimelala ubavu. Samaki gani mwenye akili timamu angekigusa? Hata hivyo, wapumbavu wachache walikigusa, na ndio hao waliokwenda nacho.

Jumamosi moja mkewe alikuwa na zamu kazini. "Leo nenda na mama," akamwambia. "Amechoka kukaa ndani."

Mama mkwe alikuwa ameshona nguo miaka arobaini, na mwezi mmoja kabla alitolewa mtoto wa jicho. Tangu hapo alikuwa akiona kila kitu, hata visivyomhusu. Alishaona utando wa buibui nyuma ya kabati, na kitufe cha shati la mkwewe kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

Nusura alimwekea kiti kando ya maji, akampa mwavuli, akaomba kimoyomoyo asinzie. Thubutu!

"Baba, hiyo kamba ni ya kuvulia au ya kufungia ng'ombe?"

"Huku kuna samaki wakubwa, Mama. Wanakata."

"Uliokatwa unao?"

Alikuwa nao. Mshipi wa juma lililopita aliutunza mkobani, uwe ushahidi. Mama mkwe akaushika ncha, akauinua kwenye mwanga.

"Huu haukukatwa."

"Eti, Mama?"

"Uzi ukikatika, ncha inabaki imenyooka. Huu umejikunja kama mkia wa kinyonga. Fundo limeteleza, likafunguka. Samaki wa watu unawasingizia bure."

Masikio ya Nusura yakapata moto. Miaka miwili ya majitu! Alitamani kubisha, lakini mtu habishani na mkwe, seuze mkwe mwenye macho mapya.

"Hebu funga nione."

Akazungusha mara mbili, akakaza kwa nguvu zote. Mama mkwe akavuta kwa vidole viwili tu. Likafunguka.

"Hili halishiki hata kitufe," akasema, na mkono wake ulikuwa tayari mkobani. Akatoa ule mshipi mwembamba wa zamani, akatupa kando waya na klipu. Akaupitisha kwenye tundu la chambo, akausokota wenyewe kwa wenyewe mara sita, akarudisha ncha kitanzini. Kabla ya kukaza, akalitia fundo mdomoni.

"Mama! Kuna ndoana hapo!"

"Nimebana sindano mdomoni wewe hujazaliwa. Nailoni ukiikaza kavu inaungua. Lowesha, halafu kaza polepole."

Safari hii chambo kilikwenda mbali, kikarudi kikitikisa mkia kama kimetiwa roho. Alipotupa mara ya nne, fimbo ya kuvulia ikapinda. "Jamani!" akapiga kelele Nusura, akangoja mshipi ulegee kama kawaida yake. Haukulegea.

"Usivute kama unagombana naye! Mwache aende, atarudi!"

Kambare akaenda, akarudi, akaenda tena, mwisho akatua majanini, mrefu kama mkono wa mtu mzima. Nusura alifungua mikono amkumbatie mama mkwe, akakumbuka ni mkwe, akaishia kumpa mkono kwa mikono yote miwili, imejaa utelezi wa samaki.

"Asante sana, Mama."

"Haya, sogea," akajibu, akijifuta kwa khanga na kuivuta fimbo kwake. "Na mimi nirushe."

Siku hiyo mama mkwe alitoa wawili. Nusura alishika wavu, na kila fundo alilofunga lilipelekwa kwanza kukaguliwa.