Taa imewaka, mama amelala chini

Bandugu, leo mi fundi mukubwa nimeshindwa na taa yangu mwenyewe!

Nimemufungia mama taa ya sola kwa mulango, ile inawaka yenyewe muntu akipita, ili bantu ba bunduki bakikuja baonekane. Hapa kwetu Fizi yote haina ingine kama ile (nasema mi).

Jioni jirani akapita. Taa ikawaka.

Mama akajitupa chini katikati ya maharagi alikuwa anachagua!

Nikacheka. Yeye hakucheka.

«Zima, mwanangu. Kwa giza mi najua njia ya kukimbilia, bo ba bunduki habaijue. Sasa unabaonyesha nafasi niko?»

Jirani naye: «Aa mama, acha iwake, tubaone mapema!»

Naona bote banasema kweli.

Niko juu ya ngazi, bisibisi mukono huu, simu ule. Nizime ao niache?

Mujibu mbio, mama ndiye anashika ngazi!