Kikombe cha Chebet

Nyumba ile ilinuka watu ambao hawakuwepo. Ukifungua kabati ulikutana na harufu ya tumbaku ya kiko, ukilala sakafuni ulisikia harufu ya mbwa, na kuta za jikoni zilikuwa zimekunywa mafuta ya nyama kwa miaka mingi, hata asubuhi za baridi, kabla mama hajawasha moto, ungedhani kuna mtu aliyetangulia kuamka, akakaanga chakula, akaondoka. Mzungu mwenye nyumba alikuwa amesharudi kwao. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, nami nilikuwa na miaka tisa. Baba na wenzake kutoka Mkoa wa Kati walikuwa wamejiunga kwenye chama wakanunua shamba lile, upande wa Soy, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Eldoret mjini. Wenzake walikuwa wangali nyumbani wakisubiri ardhi ipimwe. Sisi tulitangulizwa kulilinda, watu watatu katika nyumba ya mawe yenye vyumba saba, na pande zote mabua ya ngano na ukungu.

Tulikuwa tumekuja watatu badala ya wanne. Miezi miwili kabla ya safari, surua ilimchukua mdogo wangu Nyokabi. Tulimzika ukingoni mwa shamba tulilokuwa tumepewa kukaa, shamba la watu, kisha tukapanda lori tukamwacha. Tangu siku ile mama hakula. Alipika, akatupakulia, akakaa nasi mpaka tumalize, lakini yeye alikunywa chai ya rangi tu. Pete yake ya ndoa ilikuwa ikimponyoka akifua, akaizungushia uzi ili ishike. Nilimwona baba akiitazama sahani ya mama kila jioni namna mkulima anavyotazama mbingu zisizo na mvua.

Wiki ya pili, mlango wa jikoni ulianza kubishwa. Ilikuwa kila siku mara tu mvua ya alasiri ikikatika: mapigo matatu, taratibu, ya mtu asiye na haraka. Baba akifungua, hapana mtu. Kwenye ngazi palikuwa na kibuyu chembamba kilichofunikwa kwa ngozi, na ndani yake maziwa ya mgando yenye rangi ya majivu. Sisi hatukuwa tumewahi kuona maziwa meusi. Baba aliyamwaga kwenye nyasi, akakiacha kibuyu pale pale, na asubuhi hakikuwepo. Kesho yake mapigo matatu tena, na kibuyu.

"Kuna mtu anaturoga," baba alimwambia mama. "Hawataki tukae hapa. Usiguse hicho kitu, wewe wala mtoto."

Mimi sikuhitaji kuonywa. Nililala chumba cha nyuma, kilichopakana na jikoni, na tangu tufike nilikuwa nikisikia humo mtu akivuta pumzi. Haikuwa pumzi ya kutisha; ilikuwa ndogo, ya mtu aliyelala vizuri. Sikumwambia yeyote, kwa sababu kwetu Nyokabi alikuwa akilala hivyo hivyo, na niliogopa wangeniambia si yeye.

Siku ya nne baba alikwenda Soy kwenye mkutano na wapima ardhi. Mvua ilinyesha, ikakatika, ukungu ukashuka mpaka banda la kukamulia ng'ombe likapotea. Mlango ukabishwa. Nilimshika mama sketi, lakini yeye alikwenda akafungua kabla pigo la tatu halijalia, na safari hii aliyebisha alikuwa bado hajaondoka. Alikuwa mama mzee, mrefu, amejifunga blanketi, ndewe za masikio zikimning'inia hadi karibu na mabega. Hakushtuka. Alimwangalia mama, kisha akaangalia ndani, nyuma yetu.

"Chebet iko?" aliuliza.

"Hapa hakuna Chebet, mama," mama alijibu.

"Iko. Analala chumba ya nyuma."

Niligeuka nikatazama mlango wa chumba changu. Yule mzee alitupita kama mtu anayeingia kwake. Alinyoosha mkono bila kutazama, akaondoa vikombe vinne vya bati kwenye misumari nyuma ya mlango, akavipanga sakafuni karibu na jiko: chake, cha mama, changu, na kimoja upande wa mlango wa chumba changu. Akamimina maziwa; weusi wake, tulikuja kujua, ulikuwa mkaa wa mti ambao kwao husugua nao kibuyu ndani. Alipokaa ndipo alipoeleza, kwa Kiswahili alichojifunza kwa kuwasikia watu wa shamba. Chebet alikuwa binti yake, akifanya kazi jikoni humu, na yeye mzee alimletea maziwa kila alasiri. Mwaka fulani mzee alikwenda mbali kumuuguza dada yake. Homa ikaingia nyumbani humu.

"Mimi narudi, nakuta wamezika tayari. Huko nyuma ya banda. Hawajangoja hata mimi nimpe kitu kwa mdomo."

Mama alikuwa bado amesimama. Kiswahili chake kilikuwa kidogo kuliko cha yule mzee, akakitafuta neno kwa neno. "Mimi pia niko na mmoja kwa mchanga. Mbali. Shamba si yetu."

"Nani anamwangalia?"

"Hakuna mtu."

Yule mzee aligonga sakafu kwa kiganja. "Kaa. Mimi nakaa na wako, wewe unakaa na wangu."

Mama alikaa. Kisha akanyanyuka tena, akaleta sufuria yetu ya mahindi na maharagwe, akaiweka katikati. Tulifumba macho. Mama aliomba kwa Kikikuyu, mzee kwa Kinandi, kwa wakati mmoja, sauti zikipishana kama watu wawili wanaopitana njiani, na neno pekee walilokutana nalo lilikuwa amina. Nilikuwa wa kwanza kufumbua macho. Kikombe cha nne kilikuwa kitupu, mkaa wa kile kibuyu umebaki chini kama mchanga mweusi. Vitatu vyetu vilikuwa vimejaa. Mama alikiona pia. Nilimwona akikitazama, halafu akinitazama mimi, nikatikisa kichwa kwamba si mimi niliyekinywa. Mzee alikifunika kifudifudi.

"Ameshiba," alisema. "Sasa sisi."

Mama alikunywa. Alisita, maana maziwa yale ni makali, kisha akanywa mpaka mwisho, akachota mahindi kwa mkono, akala huku machozi yakimdondoka mpaka kidevuni, hakuyafuta. Baba alirudi giza halijaingia. Alisimama mlangoni, akamwona mgeni, akaona kibuyu, akafungua mdomo. Ndipo akamwona mama akitafuna. Alivua kofia. Yule mzee akasogea kidogo kumpa nafasi, baba akakaa chini na koti lake lililolowa, akapokea kikombe kwa mikono miwili.

Pumzi zile sikuzisikia tena. Mzee, ambaye nilimwita kogo, yaani nyanya, aliendelea kuja msimu mzima, na siku moja alituonyesha mahali nyuma ya banda. Baba alipazungushia miti ya fensi, na trekta ya chama ilipokuja ikalima ikapazunguka. Tulipovuna mahindi ya kwanza, jamaa zake walikuja kutuambia kwamba kogo amelala akakosa kuamka. Mama alitembea nao kwenda kumzika. Aliishi miaka arobaini na zaidi baada ya hapo, akala vizuri, akazaa wengine wawili.

Siku hizi nakaa Eldoret, mtaa wenye mageti, na majirani zangu nawafahamu kwa rangi za magari yao. Shamba limegawanywa, nyumba ya mawe imebomolewa. Kila mwezi kanisani napokea mkate na divai pamoja na watu mia nne, wengi wao sijui hata majina, na mara nyingi mchungaji akiwa bado anaomba mimi tayari nawaza nitapika nini. Nimeelezwa maana ya meza ile tangu nibatizwe, na ninaiamini. Lakini mara moja tu maishani nimekula chakula nikatetemeka, nikijua kwa hakika kwamba tuliokaa pale tulikuwa wengi kuliko niliowaona.