Trei za Mayai ya Bata

Niliwahi kuambiwa kwamba mlio wa bata hauna mwangwi, na kwa hiyo trei za mayai ya bata humeza mwangwi wowote. Mimi, mhitimu wa masomo ya jioni ya ufundi redio, niliamini kabisa, tena nikaona aibu kwa kutoligundua hilo mwenyewe. Nikabandika trei mia tatu kwenye kuta za chumba changu cha kurekodia hapa Guangzhou. Mayai yake niliyala hadi nikakaribia kutaga.

Sauti ikawa safi ajabu! Kero ilikuwa moja tu: marobota ya mablanketi ya Bi Zuhura, mfanyabiashara wa Unguja niliyemtunzia mzigo, yalijaa hadi darini.

"Bi Zuhura, yananiharibia studio," nilimsumbua kila siku, mpaka Alhamisi akayapeleka bandari ya Nansha kwenye kontena.

Ijumaa akamleta mwimbaji, Ustadh Haji, arekodi kaswida ya harusi ya binti wa mama huyo. Ndege ya Bi Zuhura ya kurudi Unguja ilikuwa jioni ile ile, na CD lazima aondoke nayo. Ustadh alipofungua kinywa, chumba kikamjibu kama pipa tupu. Tukarudia mara saba. Jasho lilinitoka la kumwogesha tembo.

Ustadh akatazama saa. "Kijana, mbona nasikia watu wanne wanaimba chooni, na humu naimba peke yangu?"

"Trei zimepata unyevu, Ustadh."

Bi Zuhura akagonga trei moja kwa kidole. "Mwanangu, hizi hazijameza kitu. Sauti ilikuwa inamezwa na mablanketi yangu."