Mkono Mfupi wa Pedeli

Andrea alikuwa akiendesha bodaboda mjini, pale Utemini, mpaka siku lori lililobeba alizeti liliporudi nyuma na kumbana ukutani. Mguu wa kushoto uliungwa ukaungika, lakini goti likagoma. Ukilikunja, linafika nusu na kusimama hapohapo. Pikipiki iliuzwa, naye na mkewe Ritha wakarudi Unyambwa kwa mama yake, kulima.

Kulima nako kulimshinda nusu. Shamba la karibu aliweza kulifikia, la bondeni alifika jua likiwa limeshapanda, na mjini alikwenda kwa kusaidiwa. Hilo la kusaidiwa ndilo lililomchosha.

Ndani ya ghala la mama kulikuwa na baiskeli nyeusi ya Foneksi ya marehemu baba. Ilikuwa imeegemezwa nyuma ya magunia, na kwenye keria kuku walikuwa wanatagia.

"Mama, naomba ile baiskeli ya mzee."

Mama Dorkas aliendelea kupepeta mtama. "Ya nini? Wewe si goti halikunjiki."

Hakusema kwa ubaya. Mambo yote aliyasema hivyo.

"Nitaitengeneza kwanza. Mengine nitayaona baadaye."

"Basi kuku uwatafutie mahali."

Aliifungua yote uani, akaitandaza juu ya gunia. Mnyororo ulikuwa umeganda kama kijiti, akauloweka kwenye dizeli. Gololi zilizoliwa alizitupa, zilizo nzima akazisugua kwa mchanga na kitambaa, akazipanga upya kwenye grisi. Tairi zilikuwa zimepasuka, ikabidi zipatikane nyingine. Ritha alishika rimu huku yeye akikaza spoki, anaizungusha, anaangalia inapoyumba, anakaza tena. Mara moja tu Ritha aliuliza, "Hii ndiyo baba aliyokuwa akikupelekea shule?" Andrea akasema ndiyo.

Ilipokamilika aliipanda akiwa ameegemea ukuta. Pedeli ya kulia ilishuka vizuri. Ya kushoto ilipopanda juu, goti likakataa, na baiskeli ikamlaza chini. Akajaribu kuinua kiti. Ikamlaza tena. Aliifuta vumbi, akairudisha ghalani, na siku kadhaa hakuigusa.

Alikuwa anakunywa uji aliposema, kama anayejisemea, "Mguu hauwezi kuongezwa. Mkono wa pedeli unaweza kupunguzwa."

Waliuchomoa ule wa kushoto, akapelekwa nao mjini kwa Godfrey, fundi wa kuchomelea. Godfrey aliugeuzageuza.

"Nikiukata hapa nikauunga, pedeli itazunguka duara dogo. Mguu wa kulia ndio utakaofanya kazi."

"Huo upo."

"Utachoka upesi."

"Kata," alisema Andrea.

Jioni hiyohiyo aliufunga na kupanda mbele ya nyumba. Goti lilikwenda mpaka mwisho wake, likapita, likarudi. Likaenda tena. Alipita mbele ya mama, akapita zizi la mbuzi, akatoka barabarani. Mama alimwita akimuuliza anakwenda wapi; hata yeye hakujua, kwa sababu breki alikuwa bado hajazikaza na kibonde kilikuwa mbele. Aliishia kwenye shamba la karanga la jirani, amekaa chini, anacheka peke yake. Ritha alipomfikia alidhani analia.

Siku hizi Andrea ananunua kuku vijijini na kuwapeleka mjini, kwenye tenga nyuma. Penye mchanga anashuka na kusukuma huku akichechemea. Pale kwenye kijiwe cha bodaboda, Hezekia aliyekuwa mwenzake alimtania mwanzoni kwamba amerudi enzi za wazee. Sasa anamwagiza kuku. Ule mkono wa pedeli umeshakatika mara moja pale ulipoungwa. Godfrey ameurudishia kwa chuma kinene zaidi.

Ritha anataka tenga la pili. Andrea amesema labda, ila kwanza tairi ya nyuma imeanza kuisha, na mvua zinakuja.