Remedios Amkwapua Mtakatifu

Kila asubuhi Remedios Tabligan aliteka ndoo ya maji ya bahari, akatumbukiza kipimajoto, akainua macho kuyakagua mawingu, akaandika. Miaka kumi na tisa, na pale Binanwahan, kisiwani Catanduanes, bado walimwita Mama Ndoo. Hilo alilizoea. Kilichomchemsha damu ni ubishi wa watu waliozaliwa katikati ya dhoruba wakadhani wanazijua.

Mwezi uliopita lilikuja wingu la kutisha, likafika pwani limenywea. Remedios alieleza mpaka koo likamkauka: dhoruba hula joto la bahari, na siku sita kabla nyingine ilikuwa imepita palepale, ikayakoroga maji baridi ya chini yakaja juu. Hii ya pili ilikuta sufuria tupu. Nani alisikia? Sasa ilikuwa sikukuu ya San Rafael, mtakatifu wa kijiji, wiki tano bahari haijakorogwa, maji yana digrii thelathini na moja, na mashariki kuna kiwingu kinajizungusha.

"Hicho?" Crisanto, mdogo wake na mwenyekiti wa kijiji, alicheka. "Dada, lile jitu la juzi lilifia mlangoni. Haka katoto katatufanya nini?"

"Lile lilikuta maji baridi, wewe! Haka katavimba kabla ya jioni. Watoe watu ufukweni, wapande shuleni kilimani."

"Leo? Nguruwe yuko motoni, dada. Kanywe maji upoe."

"Maji anayo, ndoo nzima!" akadakia mwanamke mmoja aliyekuwa akiipamba sanamu ya mtakatifu kwa maua, na wenzake wakaangua kicheko.

Hasira zikampanda Remedios mpaka masikio yakavuma. Akamkwapua San Rafael pamoja na maua yake, akamtia kwapani, akakishika kilima.

"Mwizi! Kambeba mtakatifu!"

Pale Binanwahan, mtakatifu hatembei peke yake. Akitoka, kila nyumba hutoka, hata mgonjwa hubebwa, wala harudi mtu kabla yake. Kijiji kizima kikamfuata kwa matusi, na Remedios akajifungia darasani na San Rafael.

"Fungua, mchawi we!" Crisanto aligonga mlango tangu saa sita. Saa tisa upepo ndio uliougonga, na Remedios akawafungulia wote.

Asubuhi yake walitazama chini. Palipokuwa na nyumba arobaini palibaki mchanga na nguzo mbili. Hakufa mtu.

Crisanto akapiga magoti. "Muujiza! San Rafael katupandisha mwenyewe!"

"Amina!" wakaitikia wote.

Shukrani Remedios hakuzitaka. Alitaka mtu mmoja tu amuulize habari za yale maji, maana dhoruba hazijaisha, na yeye ana miaka sitini na miwili.

"Huyo ni wa mbao, mjinga wewe!" alifoka. "Mwaka ujao magoti yangu yakigoma, nani atampandisha?"

"Shii, dada," alisema Crisanto, macho kayafumba. "Watu wanasali."